Chuma, Mchanga na Hewa: Tanuri za Nyanda za Kusini na Kemia ya Silikoni

Mtu akisimama mjini Songea na kuitazama milima ya Matogoro, ambamo mto Ruvuma huanza safari yake ndefu ya kwenda Bahari ya Hindi, huona rangi mbili zikiitawala ardhi. Palipochimbwa njia au msingi wa nyumba, udongo ni mwekundu. Palipopita maji ya mvua, katika vijito na makorongo, mchanga ni mweupe. Wekundu ule ni chuma kilichofungamana na oksijeni, yaani jamaa wa kutu ile ile ilayo jembe lililosahauliwa shambani. Weupe ule ni silikoni, nayo imefungamana na oksijeni vile vile. Wapimaji wa gamba la dunia wanasema kwamba kwa uzito oksijeni ni yapata asilimia 46 ya gamba hilo, silikoni asilimia 28, na chuma asilimia 5. Basi mkulima wa Ungoni apigapo jembe chini hugusa vitu hivi vitatu kwa pigo moja, na jembe lenyewe ni kimojawapo.

Makala haya ni habari ya vitu hivyo vitatu mikononi mwa watu. Yanahusu kazi mbili ambazo kwa kawaida hazisimuliwi pamoja. Ya kwanza ni kazi ya wayeyushaji wa chuma wa kusini na magharibi ya Tanzania, ambao tanuri zao zilizimika katika karne ya 20. Ya pili ni kazi ya wanakemia wa siku hizi, ambao hutumia chuma, manganizi na metali nyingine zipatikanazo kwa wingi ardhini ili kuitia oksijeni katika misombo ya silikoni, mahali pamoja palipochaguliwa na si pengine. Kazi ya kwanza huwekwa katika vitabu vya mila, ya pili katika vitabu vya sayansi. Naona mgawanyo huo una madhara, kwa kuwa humfanya mwanafunzi wa Songea aamini kwamba kemia ilimjia ndani ya sanduku kutoka ng'ambo, pamoja na chupa za kioo. Lakini haifai pia kuvifanya sawa vitu visivyo sawa kwa ajili ya fahari. Yapo mahali ambapo kazi hizo mbili hufanana, na yapo mahali zinapoachana, na msomaji ana haki ya kuonyeshwa pote.

Wangoni hawakuikuta nchi hii tupu, wala hawakuja na chuma cha kuwatosha daima. Wakiongozwa na Zwangendaba waliuvuka mto Zambezi mwezi wa Novemba 1835, siku ya kupatwa kwa jua, wakapanda nyanda za juu hadi Ufipa, ambako kiongozi wao alifariki yapata mwaka 1848. Baada ya msiba huo jamii iligawanyika. Sehemu moja, chini ya Zulu Gama na Mbonani, ilizunguka na kufika mashariki ya Ziwa Nyasa, ikawakuta Wamaseko, Wangoni wenzao waliotangulia, ikapigana nao na kuwasukuma kusini. Ndipo zikasimama falme mbili, Njelu na Mshope. Padre Elzear Ebner wa Peramiho aliyaandika mambo haya kwa kirefu, na wengi waliomfuata wameyapima upya. Katika habari zote hizo mkuki hutajwa kila ukurasa. Tunaambiwa nani aliushika, nani alichomwa nao, nani alitoa kodi kwa kuuogopa. Ni nadra kuambiwa nani aliutoa katika jiwe.

Na jambo hilo si dogo. Ufalme wa mkuki ni ufalme wa chuma, na watu waliotekwa na kulimishwa walihitaji majembe kabla ya kutoa nafaka. Huko Ufipa Wangoni walikaa katikati ya mafundi wa chuma mashuhuri kuliko wengi wa Afrika ya Mashariki. Huku Ungoni walikuwa na majirani ng'ambo ya mto Ruhuhu, Wapangwa wa milima ya Livingstone, nao ni wayeyushaji na wahunzi tangu kale. Jina la mji wenyewe ni la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na kila tarehe 27 Februari mashujaa wa Vita vya Maji Maji hukumbukwa hapo. Ni haki. Lakini fundi wa tanuri hana siku yake.

Tanuri ya Ufipa ilikuwa mnara wa udongo wenye umbo la pia, mpana chini na mwembamba juu, urefu wake kama mita tatu, na watu wa huko waliuita ilungu. Haikuvukutwa kwa mivukuto. Matundu yaliyowekewa mirija ya udongo kuzunguka kitako chake yaliingiza upepo, na joto lililopanda lilivuta hewa nyingine chini, kama bomba la moshi lifanyavyo. Kuni na makaa na mawe ya chuma yalipangwa kwa zamu, moto ukawaka polepole, na kazi ikachukua siku kadhaa. Bonge lililotoka lilikuwa bado na uchafu, likapelekwa katika tanuri ndogo yenye mivukuto, iitwayo kintengwe, likasafishwa mara ya pili kabla ya kufika kwa mhunzi. R. C. H. Greig aliieleza kazi hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na R. Wise mwaka 1958. Baadaye Profesa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba huko huko akaonyesha kwamba kabla ya minara hiyo palikuwa na ufundi mwingine, wenye tanuri fupi ziitwazo katukutu. Kwa hiyo hata Ufipa hapakuwa na mila moja iliyosimama tangu mwanzo wa dunia. Palikuwa na mabadiliko, na penye mabadiliko watu walifikiri.

Sasa tuingie ndani ya tanuri, maana hapo ndipo penye fumbo.

Jiwe la chuma halina chuma peke yake. Lina chuma kilichoshikwa na oksijeni, na ndani yake umo mchanga, yaani silikoni iliyoshikwa na oksijeni. Makaa yakiungua penye hewa haba hutoa ile hewa yenye sumu inayoua watu waliolala chumbani na jiko. Hewa hiyo ina njaa ya oksijeni. Ikipita katika mawe yaliyoshika moto huinyang'anya oksijeni kutoka kwa chuma, na kazi hiyo hufanyika kwa joto lililo chini sana ya lile la kuyeyusha chuma. Lakini silikoni hainyang'anyiki hivyo. Imeishikilia oksijeni yake kwa nguvu kubwa zaidi, na kwa joto la tanuri ile haiiachi. Hivyo moto ule ule, makaa yale yale, hewa ile ile, huvua kimoja na kukiacha kingine kimevaa. Huo ni uchaguzi, kwa maana kamili ambayo mwanakemia hulitumia neno hilo.

Uchaguzi huo peke yake haumpi mtu jembe. Chuma kilichovuliwa kimo vipande vipande ndani ya mchanga, na mchanga safi hauyeyuki mpaka upite nyuzi 1,700 za sentigredi. Chuma nacho huyeyuka kwa nyuzi 1,538. Tanuri ya udongo ikifikishwa huko kote itaanguka yenyewe. Njia ya kutoka ni ya ajabu: sehemu ya chuma hutolewa kafara. Chuma ambacho bado kina oksijeni kikikutana na mchanga hufungamana nao na kuwa kitu kipya, ambacho wataalamu wa mawe hukiita fayaliti, nacho huyeyuka kwa nyuzi zipatazo 1,200 tu. Basi mchanga, uliokuwa adui, hugeuka kuwa maji mazito meusi, hutiririka kwenda chini na kuchukua takataka zote, ilhali chuma kilichovuliwa hubaki kigumu na kushikana kuwa bonge. Maji yale yakipoa ndiyo mavi ya chuma, yale mawe meusi mazito, yenye mapovu na mikunjo kama uji uliomwagika, ambayo hutapakaa mahali pote palipokuwa na tanuri.

Mavi ya chuma yana historia yake ya kudharauliwa. Wazungu wa kwanza walioyapima waliona kwamba aghalabu zaidi ya nusu ya uzito wake ni oksidi ya chuma, na wengine walikata shauri kwamba Mwafrika alipoteza mali kwa kutojua. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Katika tanuri kubwa za Ulaya mchanga hufungwa kwa chokaa badala ya chuma, na kweli chuma kidogo tu hupotea. Lakini joto linalotakiwa ni kubwa zaidi, na chuma kinachotoka kimeshiba kaboni kama asilimia nne, kigumu na chepesi kuvunjika, hakifuliki mpaka kaboni hiyo iondolewe kwa kazi nyingine. Mtu atakaye sufuria za kumimina atafuata njia hiyo. Mtu atakaye jembe na mkuki, penye mawe ya chuma tele na bila tanuri ya matofali ya moto, hufanya vema kulipa sehemu ya chuma ili apate iliyobaki ikiwa laini, tayari kwa nyundo. Bei hiyo ilikuwa ya akili. Wayeyushaji wa Ulaya wenyewe walilipa bei ile ile kwa karne nyingi kabla ya kujenga tanuri kubwa.

Njia yenyewe ilikuwa nyembamba. Hewa ikizidi, chuma kilichovuliwa huvaa tena oksijeni na chote huishia katika mavi. Hewa ikipungua, joto hushuka, mavi huganda na kuziba matundu. Makaa yakizidi na joto likizidi, chuma hunywa kaboni na kuharibika. Fundi hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na rangi ya ndimi za moto, mlio wa hewa ndani ya mrija, na uzito wa mavi alipoyachokoa. Ni elimu ya macho na masikio, na kwa kuwa haikuandikwa, ilikufa na watu wake upesi kuliko elimu ya kitabu.

Uhakika wa mambo haya ulipatikana mbali na Songea, huko Uhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee waliokumbuka kazi ya ujana wao wajenge tanuri upya, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery, mtaalamu wa metali, wakatoa habari yake katika jarida la Science huko Marekani. Wazee walitandika shimo la tanuri kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto kuliko udongo wa kawaida. Kisha wakajaza shimo kwa matete ya bwawani na kuyachoma yawe makaa. Jambo hili la matete lanipendeza kuliko yote. Majani ya jamii ya nyasi hujenga ndani ya seli zake vijiwe vidogo vya silika, na ndiyo sababu tete laweza kumkata mtu kidole. Basi tete lililochomwa huleta ndani ya tanuri kaboni ya kuvua chuma na silika ya kufanyiza mavi, vyote viwili kwa mkono mmoja, tena vimechanganyika kwa usawa kuliko mtu awezavyo kuchanganya kwa koleo.

Schmidt na Avery walidai zaidi. Walisema mirija ya udongo iliyoingia ndani sana ya tanuri iliipasha hewa joto kabla haijafika motoni, na kwamba mdomoni mwa mirija joto lilipita nyuzi 1,800. Wakaona hapo uvumbuzi uliotangulia ule wa Ulaya wa karne ya 19. Magazeti ya Marekani yalishangilia. Wataalamu wengine, miongoni mwao David Killick, hawakushawishika. Walitaja kwamba hewa ipitayo haraka katika mrija wa udongo haiwezi kuchukua joto jingi kiasi hicho. Kwa upande wangu naona ubishi huo, ingawa una faida yake, uliielekeza heshima mahali pasipo lazima. Kazi ya wazee wa Uhaya haikuhitaji kuishinda Ulaya katika mashindano ya joto. Ustadi wao ulikuwa katika kupunguza haja ya joto, na hilo hakuna aliyelikanusha.

Kwa Wapangwa na Wafipa tuna kazi ya Randi Barndon wa Norway, aliyefanya utafiti kati ya wazee waliojua kuyeyusha na kutoa kitabu chake mwaka 2004. Aliona kwamba tanuri ilifikiriwa kuwa mwili wa mwanamke, na kuyeyusha kuwa mimba na uzazi. Na dawa, miiko na usafi wa mafundi vilihesabiwa kuwa sehemu ya kazi kama makaa na mirija. Wasomi wengi huyataja mambo haya kwa tabasamu au kwa staha ya kupita kiasi. Mimi nayatazama kama mpango wa kazi pia. Mwiko unaomzuia fundi asirudi nyumbani kwake siku za moto humweka fundi penye moto, na tanuri haiwezi kuachwa. Mfano wa mimba hufundisha kwamba mambo hukamilika ndani kwa wakati wake na kwamba mwenye pupa atatoa kitu kibichi. Sisemi kwamba miiko ilikuwa hilo tu; ilikuwa pia namna ya kuulinda ujuzi usienee ovyo, na kuwatenga wanawake na faida yake ingawa tanuri yenyewe iliitwa mwanamke.

Moto ulizimika vipi? Wajerumani walijenga boma Songea mwaka 1897. Mwaka 1905 vita vilizuka, na Wangoni na Wapangwa wote wakaingia. Baada ya vita askari waliteketeza vyakula na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Kazi ya tanuri hutaka watu wengi wenye nguvu, chakula cha siku za moto, na amani ya kukata miti ya makaa. Nchi ya kusini haikuwa na hata kimoja. Pamoja na hayo yaliingia majembe ya Ulaya kwa bei ambayo mwenye tanuri hakuiweza, na kodi iliyomtaka kijana aende kwenye mashamba ya mkonge pwani badala ya kukaa mlangoni mwa ilungu. Wahunzi walidumu, kwa kuwa chuma chakavu kilikuwa kingi. Wayeyushaji hawakudumu.

Miaka hiyo hiyo kazi ya pili ilikuwa changa huko Ulaya. Jöns Jacob Berzelius wa Sweden alikuwa ameipata silikoni peke yake, bila oksijeni, mwaka 1824. Mtu huyo huyo mwaka 1835, ule ule ambao Wangoni waliuvuka Zambezi, alilitunga jina la kikemia la kazi ya kichocheo, yaani kitu kinachowezesha vitu vingine kubadilika upesi nacho chenyewe kikabaki hakikwisha. Mwaka 1863 Charles Friedel na James Crafts waliunganisha silikoni na kaboni katika msombo mmoja. Na kuanzia mwaka 1899, miaka miwili baada ya boma la Songea kujengwa, Frederic Kipping wa Nottingham alitumia maisha yake yote kuichunguza misombo ya namna hiyo.

Kipping alisumbuliwa na jambo moja. Alitafuta misombo safi yenye umbo la fuwele, na mara nyingi chupa zake zilimpa kitu cha kunata kama gundi. Leo sababu yajulikana. Silikoni ina mikono minne. Tuseme mitatu imeshika kaboni na mmoja umeshika haidrojeni. Kitu hicho huitwa silani. Ukiingiza oksijeni kati ya silikoni na haidrojeni ile, wapata silanoli. Lakini silanoli mbili zikikutana hutupa maji na kushikana kwa oksijeni moja katikati. Na silikoni iliyo na mikono miwili au zaidi ya namna hiyo hushikamana na nyingine, na nyingine, mpaka mnyororo umekuwa gundi. Silikoni huipenda oksijeni mno, penzi lile lile linaloufanya mchanga usivuliwe ndani ya ilungu. Kipping aliiona gundi kuwa hasara, na mwaka 1937 alisema hadharani kwamba haoni dalili ya maendeleo makubwa karibu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1940, Eugene Rochow wa kampuni ya General Electric huko Marekani aligundua njia ya kutengeneza malighafi ya gundi hizo kwa wingi, kichocheo kikiwa shaba, na uchafu wa Kipping ukawa mpira na mafuta yanayostahimili joto, mali ya viwanda vikubwa.

Ila yuko mtu asiyetaka gundi. Ataka silanoli yenyewe, kwa ajili ya kuunganisha kioo na plastiki, kwa kutengeneza misombo mingine, au kwa utafiti wa dawa. Huyu lazima aingize oksijeni katika mkono mmoja, asiguse mitatu iliyobaki, na asimame hapo hapo kabla silanoli hazijashikana. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilifanywa kwa dawa kali zinazoacha taka nyingi, au kwa vichocheo vya paladi, platini, rutheni, fedha na dhahabu. Navyo ni ghali kwa sababu iliyo wazi. Katika tani 1,000 za gamba la dunia, paladi ni gramu chache tu. Katika tani hizo hizo mna tani kama 50 za chuma, na kama tani moja ya manganizi.

Ndiyo maana wanakemia wamezirudia metali za kawaida. Mwaka 2019 watafiti wa China pamoja na wenzao walieleza katika jarida la Angewandte Chemie jinsi kichocheo cha manganizi kinavyogeuza silani kuwa silanoli bila asidi wala alkali ya kuchochea kule kushikana; oksijeni ilitoka katika peroksidi ya haidrojeni, dawa ile ile ambayo ikiwa nyepesi huoshewa vidonda, na ambayo baada ya kazi huacha maji. Mwaka uliofuata kundi la Frances Arnold wa California, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018, lilifikia shabaha hiyo kwa kimeng'enya cha bakteria. Moyoni mwa kimeng'enya hicho mna chembe moja ya chuma, imeshikwa katikati ya pete kama ile iliyomo katika damu yetu. Watafiti walikibadilisha kimeng'enya kidogo kidogo, kizazi hata kizazi, wakichagua kile kilichoitenda silani vizuri zaidi, mpaka kikaweza kuchukua oksijeni ya hewa na kuitia mahali pamoja. Viumbe hai havina desturi ya kushughulika na silani. Chuma kilifundishwa kazi mpya.

Sasa yaonekana kazi hizi mbili zinafanana wapi. Chuma, silikoni na oksijeni ni vile vile, na shida ni ile ile: silikoni haina kiasi katika kuipenda oksijeni, na fundi lazima ajue atainyima wapi na ataipa wapi. Lakini zinaachana penye jambo kubwa. Katika tanuri chuma ndicho kitafutwacho, na huingia katika badiliko kwa wingi wake wote. Makaa huliwa, mchanga huchukuliwa, hakuna kinachorudi kama kilivyokuwa. Katika chupa ya siku hizi chuma au manganizi ni kichocheo, huingia na kutoka, hutenda mara nyingi kwa kiasi kidogo. Tena tanuri huondoa oksijeni, na chupa huiongeza. Asemaye kwamba Wapangwa walitangulia kuvumbua vichocheo anawavika nguo isiyo yao. Walichojua ni kingine, nacho ni kizito vya kutosha: jinsi ya kuulazimisha moto mmoja uwatendee ndugu wawili wa oksijeni kwa namna mbili tofauti, kwa kutumia udongo, matete na miti.

Liko jambo moja zaidi, nalo si la kale. Liganga, katika wilaya ya Ludewa, ng'ambo ya Ruhuhu, pana mlima wa mawe ya chuma unaojulikana tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia sahihi mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China juu ya chuma hicho na makaa ya mawe ya Mchuchuma, kwa mradi uliotajwa kuwa wa dola bilioni tatu. Chuma cha Liganga kina titani na vanadi ndani yake. Katika tanuri kubwa za kisasa titani huyafanya mavi kuwa mazito kama lami, yakakataa kutiririka. Katika tanuri ndogo za kale haikuwa hivyo: mwaka 2014 Killick na Duncan Miller walionyesha, kwa mavi ya kale ya kaskazini mwa Afrika Kusini, kwamba wayeyushaji wa huko walitumia mawe yenye titani bila kushindwa, kwa kuwa kwa joto lao la chini titani ilikwenda na mavi na kusaidia kuyayeyusha, ikifanya sehemu ya kazi ya mchanga. Na titani hiyo hiyo, wanakemia wa Italia walipoipandikiza chembe chembe ndani ya fuwele za silika na kuandikisha uvumbuzi wao mwaka 1983, ilikuwa kichocheo cha kuingizia oksijeni kwa uchaguzi kutoka katika peroksidi ya haidrojeni, nacho kimetumika viwandani tangu hapo. Vanadi nayo ndiyo kichocheo cha kutengenezea asidi ya salfa, ambayo hutumika kutengenezea mbolea ya chumvichumvi ya fosfati kwa shamba la mahindi la Songea.